Chubwi, Jiwe na Kishushio: Historia ya Istilahi Moja ya Uvuvi wa Kina

Miongoni mwa vyombo vinavyoingia katika bahari zetu bila jina la Kiswahili, kimo kimoja ambacho Waingereza wamekiita kwa kuunganisha neno lenye maana ya chini na neno la mtu atayarishaye kamba na matanga. Mabaharia vijana wanaowachukua wageni kuvua katika Mkondo wa Pemba hulitamka jina hilo daunriga. Katika makala haya tunakusudia kueleza chombo hicho ni nini, kimetoka wapi, kina ujamaa gani na zana za wavuvi wa pwani yetu, na kipewe jina gani. Tunaamini kwamba istilahi nzuri humwonyesha mtumiaji kazi ya kitu na hatari yake pia. Na kwa mtu aliye ndani ya chombo chembamba juu ya maji ya kina, hatari ni jambo la kwanza kujulikana.

Daunriga ni zana ya kupeleka chambo katika kina kilichokusudiwa huku chombo kikiendelea kwenda. Ina gurudumu lenye waya au uzi madhubuti, mkono mfupi unaotokeza ubavuni, kapi ndogo kwenye ncha ya mkono, na uzito wa risasi unaoning'inia. Mshipi wenye ndoana haufungwi kwenye uzito huo. Hubanwa tu na kibanio. Samaki akiuma, kibanio huachia, uzito ukabaki peke yake kwenye waya wake, na mvuvi akapambana na samaki kwa mshipi mwepesi.

Zana hii ilienea sana katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1966 wakuu wa uvuvi wa Jimbo la Michigan walipandikiza samoni katika mito iingiayo Ziwa Michigan, ili wapunguze vidagaa wageni waliokuwa wamelijaza ziwa. Kufikia mwaka 1967 samoni walikuwa wakivuliwa kwa wingi. Lakini samoni hupenda maji ya baridi, na wakati wa joto maji ya juu yakipata moto yeye hushuka kwenye tabaka la baridi lililo chini. Chambo kilichokokotwa juu juu hakikumfikia. Ndipo wavuvi wa huko walipoikumbatia zana ya kushushia, kwanza katika mashua za mashine, na baadaye hata katika kayaki, chombo kilichobuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu.

Sasa tuitazame Pemba. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita 67 hivi, na upana wake haufiki kilomita 25. Pwani yake imekatwakatwa na ghuba na vihori. Kwa hiyo mtu wa Mgogoni, kama Mpemba mwingine yeyote, hakai mbali na maji. Tena maji yenyewe si ya kawaida. Mkondo unaoitenga Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu, lakini ule unaoitenga Pemba na bara hufikia mamia ya mita. Anayetoka kwenye mwamba wa Pemba kwa ngalawa huweza, baada ya mwendo mfupi, kujikuta juu ya shimo ambalo mshipi wake hautaligusa chini.

Watu wa mazingira kama hayo hawawezi kukosa maneno ya kina. Mvuvi huhesabu mshipi wake kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nahodha hupima kina kwa bildi. Mshipi hushuka kwa chubwi, kipande cha risasi au cha jiwe kifungwacho karibu na ndoana; neno lenyewe linatukumbusha sauti ya kitu kizito kinapotumbukia majini. Na anapokokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, ili ampate nguru, jodari au kolekole, husemwa kuwa anarambaza. Kwa hiyo mvuvi wetu ana neno la kuzamisha na neno la kukokota. Lililokosekana ni jina la zana inayofanya yote mawili pamoja, kisha ikaachia.

Hata hilo la kuachia si geni kwa majirani zetu. Katika visiwa vya Komoro, wavuvi wa galawa, ambayo ni ndugu wa ngalawa yetu kwa jina na kwa umbo, wamezoea kuvua usiku katika maji ya kina kikubwa. Mvuvi huko huufunga mshipi wake kwenye jiwe la volkano kwa fundo jepesi, akaliacha jiwe liuvute mpaka chini. Likifika huutikisa mshipi kwa nguvu, fundo likafunguka, jiwe likabaki baharini, na chambo kikaelea huru mahali palipotakiwa. Ni katika uvuvi wa mshipi wa aina hiyo ya kina ambapo mwezi wa Desemba 1952, karibu na Domoni katika kisiwa cha Nzwani, alipatikana silakanti wa pili kujulikana na wataalamu, miaka 14 baada ya yule wa kwanza wa Afrika Kusini. Ulimwengu ulimshangaa samaki. Wachache waliliangalia jiwe. Kumbe jiwe lile na daunriga vina wazo moja: uzito usaidie kushuka, lakini usibaki kuwa mzigo wakati wa mapambano. Tofauti ni kwamba Mkomoro hulipoteza jiwe lake kila mara, na mwenye daunriga hulipandisha tena.

Wazo hili ndilo linalotupa kipimo cha kuchagua zana kwa chombo kidogo. Mashua kubwa hubeba uzito wa kilo 4 au 5 na zaidi. Kayaki, au mtumbwi usio na matengo, haustahili uzito huo. Kilo 1 au 2 zinatosha kwa maji yasiyo ya kina kirefu na kwa mwendo wa kasia. Mkono uwe mfupi, na zana yote iwekwe mahali ambapo mvuvi anaifikia bila ya kuinama nje au kugeuka nyuma, maana anayegeuka huhamisha uzito wake mwenyewe. Gurudumu liwe na breki inayoweza kulegezwa kidogo kidogo, na kihesabio kinachoonyesha urefu wa waya ulioshuka.

Hata hivyo kihesabio hudanganya. Chombo kikienda, maji huusukuma uzito nyuma, na waya hulala. Ukilala kwa nyuzi 45 kutoka wima, mita 20 za waya hupeleka chambo kwenye kina cha mita 14 hivi tu. Ukilala kwa nyuzi 60, ni mita 10. Mvuvi aliyezoea kuhesabu pima na kutazama mlalo wa mshipi wake analijua jambo hili bila ya kufundishwa hesabu za pembe.

Hatari kubwa ni mwamba. Uzito ukinasa katika matumbawe huku mkondo wa maji ukikisukuma chombo, waya usiokatika hugeuka kuwa nanga iliyofungwa ubavuni, na chombo chembamba hupinduka upesi. Kwa sababu hiyo kati ya waya na uzito hufungwa kipande cha uzi dhaifu, kikatike kabla ya chombo kulala. Na kisu huwekwa karibu na mkono. Tunaona hapa tena hekima ya fundo la Komoro: kinachoshusha lazima kiweze kuachwa.

Kwa nini basi maneno ya kazi hii yamechelewa kukusanywa? Jibu moja limo katika historia ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Haja yake kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Darasa halikuhitaji jina la kila fundo na kila mshipi, na msamiati mwingi wa wavuvi wa Pemba na wa visiwa vingine ukabaki vinywani mwa wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, shinikizo likawa maofisi, mahakama na viwanda. Hayo yote yalikuwa ya lazima. Lakini deni la bahari halijalipwa lote.

Tukirudi kwenye jina, njia zilizo mbele yetu ni tatu. Ya kwanza ni kulichukua jina la kigeni na kuliandika daunriga. Hatukatai maneno ya kukopa. Nailoni imekuja na jina lake na sasa ni yetu, na kayaki ina haki ya jina la waliyoibuni. Lakini daunriga haimwambii Mswahili lolote. Ya pili ni kuiita chubwi tu. Hili lingepoteza tofauti iliyo muhimu, kwani chubwi hukaa kwenye mshipi mpaka mwisho. Ya tatu ni kuunda jina kutokana na kitenzi kwa kanuni zetu wenyewe, kama tulivyounda kifungo na kifunikio.

Sisi tunapendekeza njia ya tatu, na istilahi zifuatazo: zana nzima iitwe kishushio, uzito wake, chubwi la kishushio, kibanio kinachoachia mshipi, kiachio, na ule uzi dhaifu wa usalama, uzi wa kukatikia. Kapi, mkono na gurudumu vibaki na majina yake. Kitendo chenyewe ni kurambaza kwa kishushio.

Mapendekezo haya hayana budi kupelekwa Mgogoni na bandari nyingine kabla ya kupitishwa. Huenda huko pana neno bora zaidi, na likipatikana letu na liondoke. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wazee. Na kijana atakayeambiwa kwa lugha yake "kata uzi wa kukatikia" atafahamu mara moja la kufanya, kabla maji hayajaingia.