Fundi Ameacha, Amesusa au Ametelekeza?

Sheria ya California inayosimamia makandarasi ina kifungu kifupi, namba 7107, kinachosema kwamba mwenye leseni akiuacha mradi wa ujenzi pasipo udhuru wa kisheria, atastahili kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Basi. Hakitaji siku ngapi zipite, wala fedha kiasi gani ziwe zimeliwa. Malalamiko hupelekwa kwa bodi ya leseni za makandarasi ya jimbo, iliyoanzishwa mwaka 1929 na yenye makao yake Sacramento, na mengi huanza kwa maneno ambayo mtu yeyote aliyewahi kukarabati nyumba anayajua: alikuja, akabomoa, akaondoka.

Neno la Kiingereza katika kifungu hicho ni abandonment. Atakayelileta katika Kiswahili atakimbilia kutelekeza, na nani amlaumu? Neno limezoeleka. Magazeti ya Tanzania hayaishi kulitumia: mkandarasi atelekeza mradi wa maji, mkandarasi aliyetelekeza barabara atakiwa kurudi saiti mara moja. Waziri amefoka, wananchi wamepiga makofi, na ni msomaji gani anayekumbuka kuuliza kama madai ya mkandarasi yule yalikuwa yamelipwa?

Hapo ndipo ninapogombana na neno hili. Kutelekeza kuna lawama tumboni. Anayetelekezwa ni mtoto, ni mke, ni mzee aliyebaki peke yake kijijini. Yaani mtu aliyekuwa na haki ya kutunzwa. Masikioni mwangu neno hili linakaa jirani na teleka, na kila nikilisikia naiona sufuria iko motoni na mpishi katoka kaenda zake. Ukishasema fundi ametelekeza kazi, umeshamhukumu. Kilichobaki ni kutaja adhabu.

Neno la Kiingereza halina ukali huo. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na lilihusu kukiachia kitu kiingie mikononi mwa mwingine. Katika bima ya bahari, mwenye meli iliyoharibika kiasi cha kutofaa kuokolewa huiachia kampuni ya bima mabaki yake ili alipwe kana kwamba meli yote imezama. Kitendo hicho ni halali kabisa, na Kiingereza hukiita kwa jina hilohilo. Ndiyo maana waandishi wa kifungu 7107 hawakuweza kuliacha neno lijitegemee. Walilazimika kuliongezea sharti la kukosa udhuru. Kosa limekaa kwenye sharti. Mfasiri anayeandika “kutelekeza mradi pasipo udhuru wa kisheria” amelitia kosa mara mbili: kwenye kitenzi, kisha kwenye sharti. Zaidi ya hayo, anadokeza kwamba kuna kutelekeza kwenye udhuru, jambo ambalo sikio la Mswahili linalipokea kwa taabu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliuona mtego wa namna hii. Mwenzi kuachwa kwa angalau miaka 3 kunahesabiwa miongoni mwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika, ila mahakama lazima iridhike kwanza kwamba kulikuwa kwa makusudi. Kuondoka ni tukio. Kosa huthibitishwa baadaye.

Tuchukue jiko moja la nyumba huko Oakland. Mfano nimeubuni, ila hakuna kilichomo ambacho ni kigeni kwa makandarasi wa ukarabati. Mkataba ni wa dola 40,000. Malipo ya awali hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Kwa hiyo mkandarasi anapokea 1,000. (Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kutoa nusu ya hela kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujashushwa atasoma sentensi hiyo mara mbili.) Baada ya hapo fedha hufuata kazi: hairuhusiwi kudai zaidi ya thamani ya kilichokwisha kufanyika. Mkandarasi anang'oa makabati ya zamani, na nyuma ya sinki anakuta mbao za ukuta zimeoza kwa maji yaliyokuwa yakivuja miaka na miaka. Anataka dola 6,000 za nyongeza. Kwa sheria ya huko, mabadiliko ya kazi lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla kazi hiyo ya ziada haijaanza. Mama mwenye nyumba anakataa kusaini: ulipokuja kukagua ulikuwa unaangalia nini? Mkandarasi anakusanya vifaa vyake, anamwambia ampigie akiwa tayari, anaondoka. Wiki ya tatu sasa. Mama anapikia chumbani kwenye jiko dogo la umeme.

Je, ametelekeza? Mama atasema ndiyo. Mkandarasi atasema yeye anangojea simu. Mimi ningesema kwamba amesusa, na nasikitika kwamba neno hili halijawahi kupewa nafasi katika istilahi zetu za mikataba. Mtoto hususa chakula, ndugu hususa harusi, fundi asiyelipwa hususa kazi. Anayesusa ana dai. Anataka kuitwa, na jicho lake halibanduki mlangoni. Upande wa pili yuko yule aliyeingia mitini: hela kachukua, simu haipatikani, na gari lake limeonekana kwenye saiti ya mtu mwingine. Kiingereza cha sheria kinawaweka wote wawili chini ya neno moja, kisha kinamwachia hakimu awatenganishe. Kiswahili cha mtaani kimeshawatenganisha, kila mmoja na kitenzi chake.

Utajiri huo ni mzuri barazani kwa majirani, lakini kwenye hati ya mashtaka ni hatari. Hati ya mashtaka inahitaji neno lisilojua bado nani mwenye makosa. Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa: tuhuma iandikwe “kuacha mradi pasipo udhuru wa kisheria”, na kutelekeza kuhifadhiwe kwa ajili ya uamuzi, pale ambapo ushahidi umeshasikilizwa na udhuru umetafutwa ukakosekana. Kuacha ni neno jepesi, najua. Wepesi wake ndio ninaoutaka.

Udhuru nao nimeuchagua kwa makusudi. Wapo watakaoandika “sababu”, lakini sababu kila mtu anayo, hata mwizi. “Kisingizio” ni sababu iliyokwisha kukataliwa. Udhuru unakubali kwamba wajibu ulikuwepo, kisha unaonyesha jambo linaloondoa lawama: mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga Ramadhani, na mjumbe asiyefika kikaoni hutuma udhuru wake ukasomwa. Mteja aliyekataa kulipa awamu ambayo kazi yake imekamilika, au aliyebadilisha kufuli la geti, amempa mkandarasi udhuru. Mkandarasi aliyepata kazi nono zaidi mtaa wa pili ana kisingizio tu. Mbao zilizooza ziko katikati, na mtu atalazimika kuusoma mkataba mstari kwa mstari.

Kifungu jirani, 7109, kinahusu kwenda kwa makusudi kinyume na viwango vinavyokubalika vya ufundi. Hapa mtaa umetutangulia tena: fundi amelipua kazi. Kulipua kuna haraka ndani yake, kuna kujua unachokosea, kuna bora liende. Sitalitia kwenye sheria, lakini kwenye kijitabu cha kumwelekeza mteja ningelitia bila woga, maana kila msomaji ataona vigae vilivyopinda kabla hajamaliza sentensi.

Kuhusu “hatua za kinidhamu”, nalikubali kwa shingo upande. Nidhamu kwetu inanuka chaki na fimbo, au mtumishi wa umma mbele ya kamati. Huko kinachoadhibiwa ni leseni. Bodi inaweza kutoa hati yenye faini na amri ya kurekebisha kazi. Kesi nzito huishia leseni kusimamishwa au kufutwa, na aliyefutiwa husubiri angalau mwaka 1, pengine hadi miaka 5, kabla ya kuomba tena. Uamuzi unaweza pia kumtaka mkandarasi afidie hasara, na kuna dhamana ya dola 25,000 ambayo kila mwenye leseni lazima aiweke, kiwango kilichopandishwa kutoka 15,000 mwanzoni mwa 2023. Lakini dhamana hiyo ni moja kwa wadai wake wote, na jiko moja la Oakland linaweza kuimaliza.

Kesi ikifika kwa hakimu wa masuala ya utawala, msajili wa makandarasi ndiye anayeshtaki na mwenye leseni ndiye anayejibu. Mama mwenye nyumba ni shahidi. Tuseme ni Mzanzibari aliyehamia huko na ameomba mkalimani. Akiulizwa kilichotokea, atajibu: “Amenitelekeza.” Msikilize vizuri. Ameweka -ni-. Aliyetelekezwa kwa ulimi wake ni yeye mwenyewe, kama anavyotelekezwa mke, ilhali kifungu 7107 kinauliza habari za mradi tu. Mkalimani ataapa kutopunguza wala kuongeza neno, na kiambishi hicho hana pa kukiweka. Akisema kwamba fundi aliiacha kazi, amempokonya mama kilio chake. Akisema fundi alimwacha mama, wakili wa mkandarasi atainuka kuuliza kama hawa wawili walikuwa na uhusiano mwingine zaidi ya makabati.