Mchoro wa kiwanda katika mtihani wa Kiingereza: Mtahiniwa aeleze nini?

MUUGUZI wa mtaa wa Langas, Eldoret, anayenuia kufanya kazi Uingereza huwa na mtihani wa kuvuka kabla hajafikiria tiketi ya ndege. Julai 2021, serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaajiri wahudumu wa afya wa Kenya huko ng’ambo. Novemba mwaka huohuo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa lugha ya Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Habari hizo ziliwashangaza wengi, kwani wauguzi hao walisomea taaluma yao kwa Kiingereza.

Mmojawapo wa mitihani inayokubaliwa ni IELTS, ulioanzishwa mwaka 1989, na ambao alama zake ni kuanzia 0 hadi 9. Baraza linalosajili wauguzi na wakunga nchini Uingereza hudai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Karatasi ya kuandika huchukua dakika 60 na ina maswali mawili. Swali la pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo hubeba uzito maradufu. La kwanza, katika mtihani wa kiakademia, humtaka mtahiniwa aeleze picha ya takwimu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na hushauriwa alitengee dakika 20 hivi.

Mara nyingi picha hiyo huwa grafu au jedwali, na ndiyo sababu wengi hujiandaa kwa grafu tu. Siku ambayo karatasi inaleta mchoro wa jinsi bidhaa fulani inavyotengenezwa kiwandani, mtahiniwa hubaki ameduwaa. Hakuna takwimu za kulinganisha wala hoja ya kutetea. Kuna vishale, mashine na majina machache.

Tuchukue mfano wa majani ya chai, zao linalojulikana vyema katika kaunti jirani ya Nandi. Mchoro wake ungekuwa na hatua saba: kuchuma, kunyausha, kukatakata, kuchachusha, kukausha, kupanga kwa madaraja na kupakia. Maelezo yake kwa Kiswahili yangesomeka hivi: “Majani mawili na chipukizi huchumwa shambani na kupelekwa kiwandani, ambako hutandazwa na kunyaushwa. Yakishapoteza sehemu ya unyevu, hukatwakatwa kwa mashine, kisha huachwa yachachuke hadi rangi yake igeuke kuwa ya shaba. Baadaye hukaushwa kwa hewa moto, hupangwa kwa madaraja na kupakiwa.”

Msomaji atambue kinachofanyika katika vitenzi hivyo. Kiambishi ‘hu’ chaonyesha jambo la kawaida, lisilofungwa na siku wala saa. Kauli ya kutendwa nayo humwondoa mtenda kazi, kwa kuwa kinachofuatiliwa ni chai, si mfanyakazi aliyeishika. Hayo ndiyo maumbo ambayo msahihishaji hutarajia kuyaona kwa Kiingereza: wakati uliopo wa mazoea, katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo, sarufi inayoonekana ngeni tayari imo kinywani mwa mzungumzaji wa Kiswahili.

Matatizo huzuka katika kuivusha. Kiingereza hudai kitenzi kisaidizi kinachopatana na nomino, kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Anayedondosha kimojawapo hupoteza alama za sarufi katika kila sentensi. Isitoshe, si kila kitenzi hukubali kutendwa. Kiswahili hutofautisha ‘hunyaushwa’ na ‘hunyauka’; chai hunyaushwa na watu, lakini unyevu hupungua wenyewe. Anayeona kwamba mchoro unataka kutendwa tu, akalazimisha kila kitenzi kiingie humo, huishia kuandika Kiingereza kisichokuwepo.

Kosa jingine lina asili yake shuleni. Katika mtihani wa kidato cha nne, uandishi wa kiuamilifu hujumuisha maelezo ya mapishi, na humo mwanafunzi huzoea kuamuru: chukua, changanya, koroga. Akileta mazoea hayo hapa huwa anamwagiza msahihishaji akapike chai, ilhali aliulizwa chai hutengenezwa vipi. Methali na maoni kuhusu bei duni ya majani chai navyo havina nafasi. Maoni yana insha yake, katika swali la pili.

Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kutimiza swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Wengi huteleza katika cha kwanza, wala si kwa kukosa Kiingereza. Huorodhesha hatua zote bila sentensi moja au mbili za kuonyesha sura nzima ya mchoro. Kwa chai, ingetosha kusema kwamba mchakato una hatua saba, unaanzia shambani na kuishia kwenye pakiti, na kwamba shughuli nyingi hufanyika kiwandani. Sentensi hizo hufaa kuja mapema, baada ya utangulizi. Utangulizi wenyewe usiwe nakala ya swali, kwa kuwa maneno yaliyonakiliwa hayahesabiwi.

Aidha, ipo michoro isiyo na mwanzo wala mwisho. Chupa ya soda hujazwa, huuzwa dukani Langas, hurejeshwa, huoshwa na kujazwa tena. Hapo mtahiniwa huchagua hatua moja ya kuanzia, kwa kawaida ile ambapo malighafi huingia, kisha huzunguka hadi aliporejea na kusema wazi kuwa mzunguko huanza upya. Majina yaliyoandikwa kwenye mchoro anaruhusiwa kuyatumia, ila ayageuze: penye nomino aweke kitenzi, na penye mashine aeleze kazi yake. Akikuta chombo asichokijua, aandike kile ambacho vishale vinaonyesha kimeingia na kilichotoka.