Gari la Serikali, Gari la Fundi: Land Rover jijini Nairobi tangu 1948

Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha kwa mara ya kwanza gari fupi la mraba lililoitwa Land Rover. Mwaka huohuo, Nairobi, ikaanzishwa Cooper Motor Corporation, kampuni ambayo Wakenya wengi waliijua kwa herufi tatu tu, CMC, na ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyowauzia gari hilo. Januari 2025 CMC ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Duka limefungwa, lakini gari bado lipo barabarani. Ukisimama nusu saa Dagoretti Corner utaliona likipita: moja la shamba lenye magunia nyuma, moja la kampuni ya watalii, moja lililopakwa rangi upya na kijana ambaye hakuwa amezaliwa lilipotoka kiwandani.

Historia hii fupi ni ya kuwakumbuka wote walioliweka gari hilo barabarani, na wenye duka ni sehemu ndogo tu ya hao.

Chuma kilipoadimika

Land Rover haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, ambako alitumia gari la jeep la Willys la Marekani lililosalia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Jeep hilo lilipoanza kuchoka, yeye na kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni, wakaamua kuunda gari lao la kazi za shamba. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na njaa ya chuma. Chuma kilitolewa kwa mgao, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ndivyo vilivyofikiriwa kwanza. Basi bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, chasisi ikaundwa kwa bamba za chuma zilizochomelewa pamoja, na rangi ya kwanza ikawa kijani kilichobaki kwenye viwanda vya ndege za kivita. Wakubwa wa Rover walidhani gari hilo lingewavusha miaka michache tu, kisha warudi kwenye magari yao ya kifahari.

Uhaba huo ndio uliolipa gari tabia zilizolifaa huku kwetu. Aluminiamu haishiki kutu kama bati. Bodi iliyofungwa kwa bolti hufunguliwa kipande kwa kipande: mlango ukibondeka unatolewa, unawekwa mwingine, na jirani hajui kilichotokea. Kioo cha mbele kililazwa juu ya boneti, na paa lote liliweza kuvuliwa. Katika Land Rover za zamani dereva alibonyeza kitufe cha njano ili magurudumu yote manne yavute, kisha akavuta wenzo wenye kichwa chekundu kuingia gia za chini, zile za kupandia tope. Betri ikifa, kulikuwa na mkono wa chuma wa kuzungushia injini mbele. Kwa nchi za joto likatolewa paa la tabaka mbili, lenye nafasi katikati ya kupitisha upepo ili jua lisiwachome waliokaa chini yake.

Gari la bwana DC

Nairobi ilipotangazwa kuwa jiji, Machi 1950, barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa bado ya vumbi. Wanunuzi wa kwanza wa Land Rover walikuwa wale waliolazimika kufika pasipo na lami: serikali ya kikoloni, polisi, walowezi wenye mashamba, na kampuni za safari kama Ker & Downey, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1946. Kisha Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Kwa wazee wa Dagoretti, Kabete na Kikuyu waliokuwa watoto wakati ule, mlio wa gari hilo likipanda kilima haukumaanisha mgeni. Ulimaanisha askari. Mwananchi wa kawaida aliijua Land Rover kwanza kama serikali, na baadaye sana kama gari.

Uhuru wa 1963 ulibadilisha waliokaa ndani yake. Gari lenyewe halikubadilika. Mkuu wa wilaya, yaani DC, alilitumia kwenda barazani, naye afisa wa tarafa akalipeleka kwenye kesi za mipaka. Polisi walilijaza mahabusu, waliokaa kwenye benchi za nyuma goti kwa goti. Namba za serikali, GK, mbele na rangi ya kijivu au kijani zilitosha kumfanya mpishi wa chang'aa amwage kazi ya usiku kucha. Katika sherehe za taifa, kwa miaka mingi, wananchi waliojaa uwanjani walimwona Rais akizunguka akiwa amesimama ndani ya Land Rover iliyo wazi, akipunga mkono. Gari lililomleta askari mlangoni ndilo lililombeba Rais mbele ya umma, na watu walizizoea sura zote mbili.

Lilikuwa na sura ya tatu pia. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia ardhini huko Olduvai, Tanganyika. Mumewe Louis alikuwa kambini na homa, na Mary alirudi mbio kwa Land Rover kumpa habari ya kiumbe waliyempa jina la Zinjanthropus. Kazi hiyo iliyobadilisha elimu ya chimbuko la binadamu iliendeshwa kutoka Nairobi, na gari la kwenda huko lilipaswa kubeba maji, mafuta na chakula cha majuma. George na Joy Adamson nao, ambao kisa cha simba wao Elsa kiliingia kwenye filamu ya Born Free ya 1966, hawakumbukwi bila Land Rover. George aliuawa na majambazi kule Kora tarehe 20 Agosti 1989, akiwa ameliendesha gari lake kuwaelekea ili kumwokoa mgeni waliyemshambulia.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kampuni za safari zilibadilisha biashara. Bunduki zikaisha, kamera zikaingia, na mafundi wa Nairobi wakaanza kukata mapaa ya Land Rover ili watalii wasimame na kutazama. Chasisi zilirefushwa, viti vikaongezwa, madirisha yakapanuliwa. Fundi wa hapa alilibadilisha gari hilo kwa mahitaji ya hapa, bila kumwuliza mtu wa Solihull, mji wa Uingereza lilikotengenezwa.

Kutoka Solihull hadi Thika

Mwaka 1974 serikali ya Kenya na British Leyland, iliyomiliki Land Rover wakati huo, ziliunda kampuni ya Leyland Kenya pamoja na wafanyabiashara wa magari wa nchini, CMC ikiwemo. Kiwanda kikajengwa Thika. Vipande vilifika vikiwa kwenye makasha, vikaunganishwa na mikono ya Wakenya, na gari likatoka likiwa tayari kwa barabara. Mwaka 1989 kiwanda kikabadilishwa jina kuwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mtu akiunganisha gari kuanzia chasisi tupu, akastaafu, hastaafu na vifaa vya kiwanda, lakini hastaafu bila ujuzi. Ujuzi huo ulirudi Nairobi kwa matatu, ukafungua gereji.

Gari nalo liliendelea kubadilika. Series II ilitoka mwaka 1958, Series III mwaka 1971. Mwaka 1983 springi za mabamba zikaachwa, ikaja One Ten yenye springi za mzunguko, na abiria wa nyuma wakapumzisha migongo. Jina la Defender lilianza mwaka 1990.

Toyota inaingia

Haifai kumbukumbu iwe ya sifa tupu. Miaka ya 1970 British Leyland iliandamwa na migomo na madeni hadi serikali ya Uingereza ikaichukua mwaka 1975. Waliomiliki Series wanajua udhaifu wake: ekseli za nyuma zilizokatika mtu akilazimisha gari lililojaa kutoka matopeni, na injini iliyotoa jasho la oili kila mahali. Toyota ikaleta Land Cruiser yenye injini kubwa na ekseli nene. Madereva wa safari wakaanza kutaniana kwamba Land Rover itakufikisha porini, na Land Cruiser itakurudisha. Land Cruiser za familia ya 70, zilizotoka mwaka 1984, zilimaliza ubishi kwa wanunuzi wengi. Hatimaye serikali yenyewe ilihama, na polisi walipoanza kukodishiwa magari mwaka 2013, Land Cruiser ndiyo iliyotawala.

Wenye kampuni ya Land Rover nao walibadilika: BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, Tata ya India mwaka 2008. Nairobi, uwakala ulitoka CMC mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukaenda kwa RMA, kisha kwa Inchcape. CMC ilinunuliwa na Al-Futtaim ya Dubai mwaka 2014. Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Wakati huohuo magari ya serikali yaliyochoka yalikuwa yakipigwa mnada. Mwalimu mstaafu, mkulima wa viazi, mwenye mkokoteni wa mawe aliyefanikiwa kidogo: hawa ndio waliojitokeza. Gari lililokuwa likiwatisha sasa liliegeshwa uani kwao.

Grogan na Dagoretti

Mwenye Land Rover ya mnada hakwenda kwa wakala. Alikwenda Grogan. Barabara ya Kirinyaga, pembezoni mwa katikati ya jiji, iliitwa Grogan Road enzi za mkoloni kwa jina la Ewart Grogan, na wauzaji wa spea hawajaliacha jina hilo. Hapo klachi, pampu, bea na silinda za breki huuzwa kwenye vibanda vinavyobanana. Mnunuzi mzoefu hahitaji kitabu. Anakwenda na kipuri kibovu mkononi, anakilinganisha na kipya kwa macho na kwa uzito, anauliza kimetoka wapi, anapunguziwa bei. Kisichopatikana kipya hukatwa kwenye gari lililokufa, na kisichopatikana kabisa huchongwa kwenye mashine ya kereza.

Kutoka mjini, gari hupelekwa magharibi. Kandokando ya Barabara ya Ngong, Dagoretti Corner, Kawangware na kuelekea Karen, kuna gereji za mabati na za chini ya miti ambazo makanika wake wanaitambua injini kwa kusikiliza. Asilimia kubwa ya kazi hufanywa kwa spana, jeki na subira.

Wenye magari haya huzungumza kwa lugha ya watu waliozoea taabu ya kujitakia. Kiwiko cha kulia hakina pa kukaa ila nje ya dirisha, kwa sababu kiti kimebanana na mlango. Mvua kubwa ya Aprili huingia kwa mlango wa hewa chini ya kioo, ikadondokea gotini. Ukipanda mteremko wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, matatu hukupita, lori hukupita, nawe unabaki na gia ya tatu na kelele. Wanatania kwamba Land Rover isiyovuja oili ni ile iliyoishiwa nayo. Lakini watakwambia pia kwamba haijawahi kuwaacha mahali ambapo mtu mwenye spana hakuweza kuitengeneza, na kwamba namba yake ya zamani, ile isiyo na herufi ya mwisho, ni cheti cha umri ambacho hawatakiuza.

Mara moja kwa mwaka fahari hiyo hupata uwanja. Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yaliyoanza mwaka 1970, hufanyika kwenye Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong, na waamuzi huchungulia hadi chini ya chasisi. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989, hudai kinyume chake: gari lipite porini kwa njia fupi kuliko zote, hata kama ni kwenye majabali, na fedha zinazochangwa huenda kwa shirika la uhifadhi la Rhino Ark. Uzio wa kulinda msitu wa Aberdare wenye urefu wa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009 kwa msaada wa michango hiyo. Land Rover na Range Rover zilizofunguliwa na kuundwa upya hazijakosekana humo. Na Oktoba 2024, mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao, ushahidi kwamba penzi hili halina mpaka Namanga.

Yaliyobaki

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa kuwa Defender ya zamani ilikoma mwaka 2016, mlango huo sasa umefungwa. Zilizopo ndizo zilizopo. Kila moja inayokatwa kuuzwa kama chuma chakavu inapunguza hesabu isiyoweza kuongezeka. Defender mpya, iliyozinduliwa mwaka 2019 na inayotengenezwa Nitra, Slovakia, inaonekana Westlands na Karen, nayo ni gari hodari. Ila kosa lake husomwa kwa kompyuta, na fundi wa chini ya mti hana pa kuishika.

Si kwamba ya kale hayapokei mapya. Opibus, kampuni ya Nairobi inayoitwa Roam siku hizi, ilianza kwa kugeuza magari ya safari ya dizeli yatumie umeme. Chasisi iliyopokea paa la kukatwa na injini ya kuazimwa haitashindwa na betri.

Kinachoweza kupotea upesi kuliko magari ni ujuzi. Makanika waliojifunza kwa waliotoka Thika wanazeeka, na vijana wengi wa gereji wanataka kujua Toyota kwa sababu ndiko kwenye wateja. Anayetaka kuiadhimisha Land Rover ya Nairobi asianze na jumba la makumbusho. Alipeleke gari lake Dagoretti Corner, amlipe mzee wa huko vizuri, na alipie pia siku za mwanagenzi mmoja akae kando yake hadi giaboksi ifunguliwe, ifungwe, na kijana afanye mtihani wake wa ufundi. Majina ya mawakala yamebadilika mara mbili katika miaka kumi na mitano. Mkono unaojua kuifungua giaboksi hiyo haujawahi kuhitaji uwakala.