Kamera ya Mtumba Haikuja Peke Yake

Wasee wanaotaka kuanza vlogi hapa Eldoret huuliza swali moja: ninunue kamera gani ya video na doo ni kidogo? Mimi naishi kwa vibarua vya kuandika na kurekodi, kwa hivyo najua bei inauma wapi. Jibu langu huanza na historia. Kila aina ya kamera ilikufa kwa sababu fulani, na ukinunua mtumba, sababu hiyo unainunua pamoja nayo.

Kabla ya 1983, mtu wa kawaida aliyetaka kurekodi alibeba kamera mkononi na mashine ya kanda begani, kebo ikining'inia katikati. Mwaka huo Sony wakaleta Betamovie, iliyounganisha vyote viwili. Hata hivyo ilirekodi tu. Ukitaka kujiona, unarudisha kanda nyumbani kwa mashine nyingine. Halafu kamera zikaanza kutumia kanda ndogo zaidi: JVC na kamera yao ya VHS-C 1984, Sony na Video8 1985. Kumbuka wakati huo Kenya nzima ilikuwa na stesheni moja ya televisheni, Sauti ya Kenya, nayo ni ya serikali. KTN ilikuja 1990. Kwa familia iliyoweza kukodi mtu wa video, harusi yao ilikuwa picha inayotembea ambayo haikupitia mikono ya serikali.

Kamera za enzi hiyo ziwache. Uzuri wake ni wa kuweka kabatini.

MiniDV ya 1995 ndiyo itakayokujaribu, kwa sababu bei yake siku hizi ni ya chini na picha bado inapendeza. Ilileta dijitali kwa watu wa kawaida, lakini bado ni kanda. Saa moja uliyorekodi inachukua saa moja nyingine kuingia kwa kompyuta, kupitia kebo ya FireWire ambayo laptopu za sasa hazina mahali pa kuichomeka. Utaokoa kwa kamera, kisha utafute kompyuta ya zamani na kanda zenyewe. Hapo umeokoa nini?

Zikafuata kamera za hadi disk. Hizi zina kituko kinachotuhusu sisi watu wa milimani. Hadi disk hutegemea hewa kuinua kichwa chake kidogo juu ya sahani inayozunguka, na hewa ikiwa nyepesi kichwa kinaweza kugusa sahani. Ndiyo maana vitabu vya maelezo vya Sony vilionya usiwashe kamera hizo juu ya mita 3,000. Eldoret tuko kama mita 2,100, Iten kama 2,400, hapo uko sawa. Ila ukipanga vlogi ya kupanda Cherangani au Mlima Elgon, umebeba jiwe.

Kwa hivyo tafuta ya kadi. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walitangaza mfumo wa AVCHD, na miaka iliyofuata kamera nyingi zikahamia kadi za SD. Unachomoa kadi, unaingiza kwa laptopu, kazi inaanza. Hakikisha ina tundu la maiki, maana upepo wa hapa hauna adabu. Jaribu betri na zumu ukiwa hapo hapo kabla hujalipa.

Uliza pia ilitoka wapi. Huu ni mji wa wakimbiaji, si ajabu kamera kufika kwa begi la mtu aliyetoka Marekani. Huko umeme hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, huku kwetu 50, na kamera zao zilitengenezwa kufuata ule wao. Ukirekodi ndani ya nyumba, taa zinaweza kupepesa kwenye picha. Kama kamera inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, weka 1/100 na shida itaisha. Kama haikuruhusu, shusha bei au ondoka.

Utaniambia simu inatosha. Kwa klipu fupi, ndiyo. Lakini hotuba za mazishi na harusi zetu unazijua. Hata kamera nyingi za picha zilikata kurekodi kabla ya dakika 30, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru wa juu vifaa vinavyorekodi dakika 30 au zaidi. Kamera ya video haikuwa na kamba hiyo shingoni. Inaendelea mpaka kadi ijae au betri iishe.

Hii si hadithi ya vifaa tu. Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na siku zilizofuata mji huu uliona mambo ambayo bado tunayasema kwa sauti ya chini. Wakati kama huo, kinachobaki ni kile ambacho mtu alikirekodi na kinachoweza kufunguliwa bado. Na hapo ndipo kanda za VHS zilizo chini ya vitanda vya mama zetu zinapotuaibisha: sauti za babu zimo ndani, mashine ya kuzicheza hakuna.

Kwa hivyo bajeti yako igawe mara mbili. Sehemu moja ni ya kamera ya kadi. Nyingine ni ya diski ya kuhifadhi nakala, na uinunue siku hiyo hiyo.