Mtoi Anaanza Daycare? Hivi Ndivyo Unamchagulia Ndula za Ndani Bila Kumuumiza na Bila Kuchoma Doh

Umepata daycare poa karibu na keja, umelipa ya mwezi wa kwanza, begi umepaki vizuri: nepi, uji kwa thamosi, nguo za kubadilisha na kale kablanketi hawezi lala bila. Ukifika mlangoni ticha anakuangalia miguuni mwa mtoi anakushow, "Mama baby, kesho umletee viatu vya ndani." Unabaki umeduwaa. Kwani za nje zina shida gani? Na ndula za ndani ni zipi, slipas ama soksi?

Wasee wengi huchukulia hii kitu mchezo. Wanapitia kwa stage, wanabeba ya kwanza wameona ina picha ya katuni, wanasonga. Lakini fikiria hivi: ukimwacha saa moja asubuhi ukielekea job na umchukue saa kumi na moja jioni, hizo ndula anaweza kuwa nazo masaa kumi. Wewe kiatu kikikubana ofisini unakivua chini ya meza, mambo yameisha. Mtoi wa mwaka mmoja na nusu hana hiyo lugha. Atalia tu, ticha aseme "leo amekuwa msumbufu", na hakuna mtu atacheki vidole.

So leo tunaenda hatua kwa hatua. Ukimaliza hapa utaenda soko ukijua unatafuta nini.

Kwanza elewa huo mguu

Mguu wa mtoi si mguu wa mtu mzima uliopunguzwa. Mtu mzima ana mifupa 26 kwa kila mguu, lakini kwa mtoi sehemu kubwa ya hiyo mifupa bado ni gegedu, ile kitu laini inayokunjika kama sikio lako. Juu yake kuna mafuta mengi. Hiyo ndiyo maana kiatu kidogo kinaweza kuingia bila noma na mtoi asilie: mguu unajikunja tu kufuata kiatu. Kuingia si kutosha.

Pia usishtuke ukiona nyayo ni flati kama chapati. Watoi wengi wako hivyo, na ule upinde wa chini huwa unajitokeza polepole wakiendelea kukua. Hauhitaji kumnunulia buti ngumu "za kunyoosha mguu" ju shosho amesema. Misuli ya mguu inapata nguvu kwa kutembea, kupanda na kushika sakafu kwa vidole.

Na hapa ndiyo siri wauza viatu hawatakuambia: kwa sakafu safi, salama na isiyo baridi, miguu mitupu ndiyo kiatu bora zaidi kwa mtoi anayejifunza kutembea. Ndula za ndani zinakuja ju mara nyingi sakafu ya daycare si hivyo. Ama ni tailisi inateleza, ama ni simiti ya Nairobi mwezi wa saba, ile baridi inapanda hadi magoti. Ukiwa Mombasa ama Kisumu na joto lenu, uliza kwanza kama kuna haja. Pengine jibu ni zii, na umeokoa doh.

Maswali matano ya kumuuliza ticha

Kabla utoe hata finje, uliza:

1. Sakafu ni ya nini? Tailisi, simiti, mbao, ama kapeti? Kwa kapeti nene soksi zinatosha. Kwa tailisi, soksi za kawaida ni ajali inangoja.
2. Watoi wanatoka nje na viatu gani? Za ndani zibaki ndani. Wakicheza kwa mchanga, mtoi awe na pea nyingine iliyofunika mguu, ju funza na minyoo ya safura huingilia miguuni.
3. Nani anawavalisha? Kama ticha ni mmoja na watoi ni kumi, kamba za kufunga ni mateso kwake na kwa mtoi.
4. Wanavua wakati wa kulala? Lazima wavue. Mguu pia unahitaji kupumua.
5. Ndula zinabaki huko ama zinarudi nyumbani? Zikibaki, nani anaziosha na lini?

Pima mguu, usikadirie

Hii inachukua dakika tano. Ngoja jioni, ju miguu huvimba kidogo mtoi akishashinda akizunguka. Mvalishe soksi atakazovaa huko. Weka karatasi sakafuni, mwambie asimame. Asikalie, asibebwe. Mguu ukibeba uzito unatanuka, na hicho ndicho kipimo unataka. Chora kuuzunguka na penseli iliyosimama wima, miguu yote miwili, ju mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Fuata ule mkubwa.

Sasa pima na rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Ongeza sentimita 1. Hiyo nafasi ndiyo ya kusukuma mguu mbele akitembea, na ya kukua kidogo. Ukiongeza sentimita mbili tatu ndiyo "avae hadi mwaka ujao", kiatu kinakuwa mtumbwi: anajikwaa, anakunja vidole kukishikilia, anaanguka.

Kata ile karatasi ukifuata mchoro, uweke kwa wallet. Hiyo ndiyo itaenda Gikomba badala ya mtoi. Ukifika, ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja kando, hicho kiatu ni chembamba, rudisha. Ikilala fiti na kubaki nafasi ya karibu upana wa kidole chako mbele, mko sawa.

Namba za viatu zisikuchanganye

Kwa soko utapata namba za Ulaya, za Uingereza na za Marekani kwa rundo moja. Namba ya Ulaya unaweza kuitafuta mwenyewe: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1, halafu zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 13 unakuwa 14, mara 1.5 ni 21. Hiyo 21 ni karibu 4.5 ya Uingereza, na ya Marekani huwa juu kidogo tena. Lakini kila kampuni ina zake, so namba ikusaidie kutafuta tu. Karatasi yako ndiyo hakimu.

Ndula poa inajulikana kwa mikono

Huhitaji kujua majina makubwa. Shika kiatu ufanye hivi:

*Kikunje.* Soli inafaa kujikunja kirahisi pale mbele, mahali vidole hukunjika. Ikikataa kama ubao, zii. Ikijikunja katikati pekee, pia zii.

*Gusa chini.* Soli iwe nyembamba na ya raba yenye mikwaruzo, inayoshika sakafu. Ipitishe kwa tailisi ya duka. Ikiteleza mkononi mwako, itateleza na mtoi.

*Angalia mbele.* Mguu wa mtoi ni mpana kwenye vidole, kama feni. Kiatu kilichochongoka mbele ni cha mtu anaenda harusi.

*Shika nyuma.* Kisigino kishikwe vizuri ndiyo kiatu kisitoke akikimbia.

*Fungua.* Mdomo ufunguke wazi na kufunga kuwe ni kwa kamkanda ka kunata. Ticha atakushukuru, na mtoi akifika miaka miwili, mitatu, ataanza kujivalisha mwenyewe. Ukimwona siku hiyo ya kwanza, hata kama amevaa ya kulia kushoto, usimcheke.

*Ingiza mkono ndani.* Tafuta mshono mgumu, gundi iliyokauka, ama pini. Kitu kinakukwaruza wewe kitamchubua yeye.

Gani iko aje?

Soksi zenye vidoti vya raba chini: poa kwa anayetambaa ama anayeanza kusimama. Ni bei ya chini, zinaoshwa haraka. Shida ni kuwa vidoti huisha na zikilowa hazisaidii. Beba pea mbili.

Ndula laini za ngozi, zile kama soksi ya ngozi yenye lastiki: hizi ndizo karibu zaidi na miguu mitupu. Zinapumua na zinakunjika. Hakikisha chini hakujawa laini kama kioo.

Raba nyepesi za kitambaa zenye kamkanda: chaguo la wengi kwa anayekimbia tayari. Kitambaa kinapumua, soli inashika, unaosha unaanika.

Zile za plastiki zenye matobo: ni rahisi kuosha, lakini nyingi ni pana na hulegea. Akizivaa, ule mkanda wa nyuma ukae kwa kisigino, si mbele kama urembo. Na zikifinyika sana kwa jasho, ngozi inalainika na kuchubuka.

Patipati na slipas za kuchomeka: wachia wewe na bafu yako. Mtoi lazima akunje vidole ndiyo zisitoke, na hapo ndiyo huanguka.

Hizi ziruke kabisa

Ndula za kulia, zile "kwi kwi kwi". Nyumbani zinafurahisha, lakini weka watoi kumi na moja wamelala na mmoja anazunguka akilia miguuni. Ticha atazificha siku ya pili.

Ndula za taa. Hapa si mzaha. Nyingi huwa na betri ndogo ya duara ndani. Kiatu kikipasuka na mtoi ameze hiyo betri, inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya masaa mawili. Ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje aanze kutapika. Usimnunulie za kushinda nazo mahali humwoni.

Zenye shanga, maua ya kubandika na vifungo vidogo. Mtoi wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni, na wenzake pia.

Mitumba je?

Tuongee ukweli, wengi wetu tunavalisha watoi kutoka Gikomba, Toi ama Muthurwa, na hakuna aibu hapo. Ndula ya mtoi mara nyingi huwa imevaliwa kidogo tu ju mwenyewe aliikua haraka. Ukiweza kufika asubuhi bale inapofunguliwa, utapata kamera.

Lakini geuza kiatu. Soli ikiwa imeisha upande mmoja, ama ndani kuna shimo la vidole vya mtu mwingine, kiache. Kiatu hukumbuka mguu wa kwanza, na mtoi wako ataanza kuukanyagia vile ule mwingine ulikanyaga. Ukipata iliyo sawa, sugua ndani na sabuni, anika juani hadi ikauke kabisa. Kiatu chenye unyevu ni nyumba ya kuvu, ile inayoleta mapunye ya vidole.

Na ukienda na bajeti ya punch, usimalize yote kwa pea moja kali. Bora pea mbili za kawaida: moja ikikauka, nyingine iko kazini. Andika jina kwa kalamu isiyofutika ndani ya kila kiatu. Kwa daycare, ndula husafiri, na kushare viatu ni kushare kuvu.

Baada ya kununua, kazi bado

Mvalishe nyumbani wikendi nzima kabla ya Jumatatu. Kila jioni akirudi, vua soksi uangalie. Alama ya mshono ikipotea kwa dakika chache, hakuna noma. Alama nyekundu inayokaa, lengelenge, kucha iliyoingia kwa nyama, vidole vimekunjika, ama mtoi anayekimbia akiona ndula, hiyo ni ripoti. Amekuambia kwa njia yake.

Pima upya kila miezi miwili hadi afike miaka mitatu. Saizi moja ya Ulaya hadi inayofuata ni kama milimita 6.7 tu, na mtoi anaweza kuipita kabla hujamaliza kulipa muhula. Usingoje soli iishe. Kwa huu umri mguu humaliza kiatu kabla kiatu kimalize soli.

Mpeleke kliniki ukiona anachechemea, analia mguu ukiguswa, mguu mmoja uko tofauti kabisa na mwingine, anatembea kwa ncha za vidole kila wakati, ama amefika miezi 18 na hajaanza kutembea. Hizo si shida za kiatu, na hakuna ndula itazitibu.

So kesho ukipeleka mtoi, mpee ticha hiyo pea, mwonyeshe jina na umwambie tu, "Akikataa kuzivaa, usimlazimishe. Nicheki kwa simu." Halafu uende job. Huyo msee mdogo ana safari ndefu ya kutembea mbele yake, na miguu ni hiyo hiyo miwili.