Nyimbo tano za Lokua Kanza, kutoka ya tano mpaka ya kwanza

Wasikilizaji wetu wa Kailo, na ninyi ndugu mliofika kwetu mkikimbia vita vya Kivu, wiki mbili sasa mnaniuliza swali moja: kati ya nyimbo za Lokua Kanza tunazopiga Jumamosi jioni, ni ipi ya kwanza? Niliahidi kujibu kwa maandishi. Kuna msikilizaji mwingine naye alituma ujumbe, na jibu lake limo humu humu. Aliandika hivi: “Ule mama yake ni wa kule. Muache kumupiga ku redio.”

Tuanze na mtu mwenyewe. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwezi wa nne 1958. Baba yake Mumongo, mama yake Munyarwanda. Si siri, kila anayesimulia maisha yake analisema. Alikuwa bado mtoto familia ilipohamia Kinshasa. Huko akaimba kanisani, akasoma muziki, akapiga gita katika kundi la Abeti Masikini, yule binti wa Kisangani, mji unaokunywa maji ya Lualaba yakishapita kwetu. Mwaka 1984 akaenda Paris. Akafanya kazi na Ray Lema, kisha na Manu Dibango wa Kameruni, na mwaka 1993 akatoa albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe.

Mnajua rumba ya Kinshasa ilivyo. Inaanza polepole, halafu inafika sebene, magita yanakimbia na watu wote wanasimama. Lokua aliondoa sebene. Alibakiza gita moja na sauti yake, halafu sauti nyingine nyuma zimepangwa kama kwaya. Vijana wanaiita soul. Wazee wengine wa hapa wananiambia huo si muziki, ni mtu anayelia peke yake chumbani. Siwalaumu, hata mimi nilichelewa kuuelewa.

Ya tano ni Plus vivant, ya albamu ya mwaka 2005 yenye jina hilo hilo. Kwa Kifaransa. Ni nzuri, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniomba niipige, basi tuendelee.

Ya nne ni Mapendo, iliyo katika albamu Nkolo ya mwaka 2010. Naipenda kwa jina lake kwanza. Mtu wa Dar es Salaam angesema mapenzi, au upendo. Mapendo ni neno letu sisi wa mashariki, na ndilo tunalowapa hata binti zetu kama jina.

Ya tatu ni Mutoto, kutoka albamu ile ya kwanza. Tena angalieni: si mtoto, ni mutoto, kama mama anavyoita jioni kutoka jikoni. Kijana aliyekulia Kinshasa, akakaa Paris miaka tisa, alipoanza kujitambulisha kwa dunia alikuwa bado na neno la Bukavu mdomoni.

Ya pili ni Wapi Yo, ya mwaka 1995. Kwa Kilingala maana yake ni “Uko wapi?” na neno wapi ni letu pia, kwa hiyo nusu ya jina hata mtoto wa Kailo anaielewa. Hapa siwezi kuhukumu kwa haki. Mwezi wa kumi 1998, vita ilipofika Kindu, nilikuwa na miaka minane. Tulikimbilia msituni. Baba mdogo alibeba redio ya kaseti, na ndani yake mlikuwa na kaseti hiyo. Mawe ya redio yalikuwa manne tu, tukiyaanika juani mchana yapate nguvu kidogo. Yalikuwa ya kusikiliza habari. Usiku mmoja, habari zilipokwisha, baba mdogo akapiga wimbo huo mpaka sauti ikaanza kuvutika kama mtu mwenye usingizi, halafu ikazimika. Mama mdogo alimgombeza mpaka asubuhi, na alikuwa na haki, maana siku tatu hatukujua nani anashika mji. Baba mdogo hakujibu kitu. Mdogo wake alikuwa amepotea njiani, siku ile ya kukimbia.

Ya kwanza ni Nakozonga, nayo iko katika Nkolo. Maana yake ni “Nitarudi”.

Mtasema, Kilingala tena? Najua. Tangu enzi za Force Publique hiyo ndiyo lugha ya askari, na wengi wetu tuliijulia kwenye barière: leta karatasi, leta franka, shuka chini. Mama mmoja kutoka Bukavu, anayekaa na watoto wawili kwa familia moja ya hapa tangu mji wao ulipoanguka Februari 2025, aliniambia kwamba ni mara ya kwanza kusikia Kilingala kisichomwomba kitu. Alitaka nimfafanulie neno lenyewe. Nikamwambia: na ni mimi, zonga ni kurudi, na ile ko katikati ndiyo inayosema kwamba jambo bado lakuja. Akalirudia mara mbili.

Alikuja studio kuacha salamu kwa watoto wake wengine waliobaki kule. Aliniandikia kwenye karatasi majina ya wote, ila jina la mama yake mzazi akalikata kwa kalamu. Akasema, “Hilo usilisome. Watasikia ni jina la wapi.” Nilikuwa bado na karatasi hiyo mkononi ujumbe wa “ule mama yake ni wa kule” ulipoingia kwenye simu.

Kwa hiyo, ndugu uliyetuma, jibu langu ni hili. Sitamtoa. Ukitaka tuchuje nyimbo kwa kabila la mama wa mwimbaji, uje wewe mwenyewe uanze kuuliza wasikilizaji nao, nyumba kwa nyumba, na uanze na ile yenye watoto wawili. Nadhani hutaweza. Lakini Kilingala kikikuudhi, au sauti yake ikikuletea usingizi, tuma ujumbe mwingine, hayo tunaweza kubishana.

Jumamosi nitaanza na Nakozonga saa kumi na mbili jioni kamili. Wanaotaka Wapi Yo waombe mapema, kwa sababu siku hizi za mvua betri ya sola yetu haifiki saa mbili.