Starehe Boys: Shule Iliyoanzia Kwa Mabati na Bado Inaotwa Kibera na Kawangware

Kama umelelewa Kibera ama Kawangware, hii jina ulianza kuiskia kabla ujue kuandika yako. Kila ploti ilikuwa na yule boy wa kusoma na koroboi usiku, na mathe yake ashaambia majirani wote, "Huyu wangu ni wa Starehe." Na hakuwa anamaanisha raha. Starehe ni jina ya mtaa. Kukaa huko ndani, kulingana na maboyz wenye wamepitia, hakuna starehe yoyote.

Kufika si ngori. Panda mat ya 8 ukitoka Kibera ama 46 ukitoka Kawa, shuka tao, alafu chapa mguu kupita Ngara na Kariokor. Iko General Waruinge Street, ukiendelea mbele unaingia Pangani na Eastleigh. Ni mbali na mtaa yenu, lakini venye ilianza utadhani ilianzia Gatina.

Rudi 1954. Nchi iko kwa Emergency na mkoloni anasaka Mau Mau. April hiyo anafanya Operation Anvil: anazingira Nairobi, anabeba maelfu ya watu na kuwapeleka detention. Watu wazima wakibebwa, watoto wanabaki na nani? Wengi waliishia streets, wakilala nje na kuokota chakula. Hao ndio watu walikuwa wanaita wahuni, na wewe unajua venye mtu akishaitwa chokoraa hakuna mwenye anauliza jina yake ingine.

Geoffrey Griffin alikuwa mzungu wa kuzaliwa Eldoret, 1933, na alisomea Prince of Wales, yenye siku hizi ni Nairobi School. Wakati wa Emergency alikuwa ofisa kwa jeshi, akaacha. Akaenda kufanya kazi na maboyz wadogo wenye walikuwa wamefungwa Manyani, alafu kwa kambi ya vijana ya Wamumu, Mwea. Ni kama huko ndio alijua hawa si wahuni, ni watoto. Novemba 14, 1959, yeye na Wakenya wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, wakafungua Starehe. Gikubu mwenyewe alikuwa amewekwa detention na mkoloni, so fikiria hiyo timu: mwenye alikuwa jeshi na mwenye alifungwa, wanaokota watoto pamoja.

Shule yenyewe ilikuwa vibanda viwili vya mabati. Viwili! Shell na BP ndio walitoa. Hakukuwa na interview, hakuna mtu aliulizwa alipata maksi ngapi. Kuingia ulihitaji kitu moja tu, kukosa kwenu. Sekondari ilikuja baadaye, Save the Children wakasaidia na doh kwa miaka mingi, na polepole mabati ikageuka kuwa moja ya shule za kuongoza mtihani Kenya nzima. Peter Kenneth alitoka hapo. Raphael Tuju pia, na hata marehemu Profesa Magoha, yule waziri wa elimu mwenye hakuwa na mchezo.

Griffin aliiongoza tangu 1959 hadi akafa Juni 2005. Miaka karibu 46, kazi moja, na katikati akawa pia mkubwa wa kwanza wa NYS. Siri yake moja ilikuwa baraza: mwanafunzi anasimama mbele ya shule yote, anasema chakula ni mbaya ama prefect anamwonea, na anajibiwa hapo hapo. Nchi yenye maboyz wanachoma mabweni ndio waskizwe, hiyo si kitu ndogo.

Sasa kwa maneno ya ganji. Karo yenye serikali imewekea shule kubwa za bweni hapa Nairobi ni 53,554 kwa mwaka. Kwa keja ya mabati Kibera, hiyo ni rent ya mwaka mzima na inabaki, na bado hujagusa godoro, sanduku na uniform. Starehe kwa miaka mingi imekuwa ikisomesha karibu 70% ya maboyz bure ama kwa doh kidogo, na mwenye mzazi ako nazo analipa. Mi nilitoka college juu ya karo, so hii hesabu siisomi kama habari tu.

Lakini wacha nikuambie chenye hunisumbua. Ikishakuwa shule ya vichwa, umaskini peke yake haukuingizi tena, lazima na maksi ziwe juu. Na boy wa Kawa mwenye wamebanana watu wengi kwa dawati moja anapimwa na mtihani ule ule wa boy wa academy. Yule chokoraa wa 1959, leo sidhani angepita gate. Sisemi shule imekosea, ju huwezi saidia kila mtu. Nasema tu kuna watoto streets za tao hadi saa hii, na vibanda vya mabati vyao hakuna mwenye anajenga.

Madem nao walipata yao, Starehe Girls', Januari 2005, miezi michache kabla Griffin aage.

Kama brathako ako Grade 9, usingoje matokeo ya KJSEA ndio uanze kukimbia. Ongea na mwalimu mkuu mapema, tafuta birth certificate (hiyo hukwamisha wengi), ukuwe na barua ya chifu, na uulize pia Wings to Fly na Elimu Scholarship, ju hizo zinaweza kumpeleka shule ingine poa hata Starehe ikikataa. Na msee yeyote akikuitisha kitu kidogo ndio "akusort" nafasi, mblock.